Eda ya Chumba cha Kivulini

Tarehe nne mwezi wa sita, saa nane mchana, mume wangu alianguka dukani Fordsburg, huku kusini mwa Afrika, akiwa ameshika jora la kitambaa. Kabla ya alasiri nilikuwa sina mume. Presha, walisema. Alizikwa siku ya pili yake. Mimi nilibaki chumbani, nimekaa kwenye godoro lililotandikwa chini, na katika yote niliyoambiwa siku ile, ninachokikumbuka zaidi ni miguu yangu. Nilivaa soksi zake, jozi mbili, na bado vidole vilikuwa kama si vyangu.

Wanawake waliojaa mle ndani nao waliona baridi. Walikaa na makoti juu ya mabuibui. Mmoja aliegemea ukuta, akajitoa haraka.

"Huu ukuta una maji?" akauliza.

Nikasema hapana. Sikuwa nasema uongo. Sikuwa najua bado.

Lazima nikieleze kile chumba, maana bila hicho mengine hayaeleweki.

Tulihamia ile nyumba ya Troyeville mwezi wa kwanza, mimi, yeye na binti yetu wa miaka saba. Kabla ya hapo tulikaa Fordsburg, ghorofa ya tatu juu ya mikahawa, ambako joto la majiko ya chini lilipanda mpaka kwetu. Baridi ya mji huu niliijua kama jambo la barabarani, mtu akifika nyumbani linakwisha. Troyeville tulipata vyumba viwili katika nyumba ya zamani, paa la bati na sakafu ya mbao, jiko tukichangia na jirani mmoja, dada wa Kikongo kutoka Lubumbashi ambaye husuka watu nywele katika chumba cha mbele. Siku tuliyokwenda kuviangalia, jua lilikuwa kali. Chumba kimoja kilijaa mwanga mpaka macho yaliuma. Cha pili, upande wa nyuma, kilikuwa na kivuli na ubaridi mtamu. Mume wangu aliweka kiganja ukutani, akakiacha pale kwa muda.

"Huku ndiko kwa kulala," alisema. "Nimekupatia chumba hata jua halikijui."

Nikacheka. Nilifurahi kweli. Sisi ni watu wa Tanga, na mtu wa Tanga akiingia nyumbani hutafuta kwanza kivuli, kisha kiti. Tukalala kwenye kivuli. Chumba cha mwanga tukakifanya ghala la biashara yake: kanga, vikoi, majora ya vitambaa, kofia. Na kwa kuwa jua hupausha rangi, alipasua maboksi, akaziba dirisha lote, akalizungushia gundi ya karatasi pande nne. Alifanya kazi ile Jumapili nzima, akipiga mluzi.

Hatukujua kwamba hapa, baridi ikiingia, jua huhama. Hushuka, likashika upande mmoja wa mbingu, na upande wa pili wa nyumba haliendi tena hata kwa dakika moja mpaka baridi iishe. Kila aliyezaliwa hapa anajua. Sisi hatukuambiwa kwa sababu hatukuuliza, na hatukuuliza kwa sababu tulidhani kivuli ni kivuli tu, popote kilipo.

Aliyenikalisha eda ni mama mtu mzima kutoka Unguja. Waswahili wa upande wetu wa mji humwita Bi Mkubwa, na kila mwanamke anayefiwa na mume hupita mikononi mwake. Alinivua bangili na herini, akazifunga kwenye leso, akaniletea magauni mawili mapana ya rangi ya majivu.

"Sasa wewe ni kizuka," aliniambia. "Miezi minne na siku kumi. Hutoki ila kwa dharura. Hujipambi, hujitii manukato, wala udi usiuwashe. Na nguo zako usianike mbele, wapita njia wakaja kukutazama mikono."

"Nianike wapi, Bi Mkubwa?"

"Ndani. Kamba si ipo?"

Kamba ilikuwepo. Nikaanika ndani.

Siku za mwanzo watu walikuwa wengi na chumba kilipata joto la miili. Walipopungua ndipo nilipoisikia baridi yenyewe. Binti yangu alikuwa akirudi shule, anasimama mlangoni na mkoba mgongoni, haingii. Kiswahili anakielewa chote, lakini mdomoni kinatoka vipande vipande, katikati ya Kiingereza na Kizulu cha wenzake.

"Kuyabanda, Mama," alisema siku moja. Ndivyo Wazulu wanavyosema kuna baridi. Kisha akaongeza kwa Kiswahili chake: "Na iko giza. Mimi nitakaa kwa Auntie."

Auntie ni yule jirani msusi. Kwake kulikuwa na redio, wateja, kikausha nywele kinachovuma joto. Akaenda kukaa huko. Mimi nikabaki nimesimama na sahani ya chapati mkononi. Nilikuwa nimempoteza mmoja, na sasa nilimwona wa pili akiikimbia nyumba. Siku ileile jioni alianza kukohoa.

Basi nikaamua kukifanya kile chumba kiwe mahali ambapo mtoto angetaka kurudi. Sikuwa na kazi nyingine. Mwanamke wa eda siku yake ni ndefu.

Nilianza na dirisha. Nililifunika kwa nailoni nzito, ile ya kufungia makochi, nikaibana pande zote upepo usipate hata tundu. Nikashona kanga kuukuu ikawa kama nyoka mnene, nikaijaza vitambaa, nikailaza chini ya mlango. Chini ya godoro nikatandika maboksi, juu yake mkeka, juu ya mkeka blanketi la zamani. Jirani aliniletea kutoka Jules Street blanketi jipya, zito, lenye picha ya chui, na binti yangu akampa yule chui jina ambalo sitaliandika. Taa ya juu ilikuwa ya mwanga mweupe kama wa hospitali. Nikaomba globu ya njano. Nikanunuliwa taa mbili za kuchaji kwa ajili ya siku umeme unapokatwa. Na ukuta wa nyuma, ambao ulikuwa umeanza kuota madoa, niliutundikia kanga za njano na za rangi ya chungwa, nne, zimeshikana pembe kwa pembe kutoka juu hadi chini. Kanga zangu mwenyewe, si za dukani. Mwanamke wa eda havai rangi, lakini hakuna aliyesema kuta zisivae.

Kila jioni nilichemsha sufuria ya mchaichai na tangawizi juu ya jiko dogo, nikaiacha ifuke mle chumbani. Ilileta harufu na ilileta joto. Hita ya gesi niliipenda na kuiogopa. Niliiwasha mlango ukiwa wazi, nikakaa kando yake kama mtu anayelinda maziwa yasimwagike, na kabla ya kulala niliizima, nikarudi kuihakikisha, nikarudi tena.

Na chumba kikapendeza. Nasema bila aibu, kilipendeza. Binti yangu aliacha kukaa kwa jirani. Aliingia chini ya chui na vitabu vyake, akaandika kazi za shule kwenye ule mwanga wa njano, na mimi nilimtazama nikafikiri, haya, hili nimeliweza.

Bi Mkubwa alipokuja Ijumaa yake alisimama katikati, akageuka polepole.

"Hii nyumba ya kizuka au ya biharusi?"

"Ya mtoto, Bi Mkubwa."

"Mh. Anayeolewa ni nani, yule chui?"

Hata mimi nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Akaketi, akanywa mchaichai, akavua koti. Alipoondoka aliniambia, "Umejitahidi, mwanangu," na neno lile lilinitosha wiki nzima.

Lakini kikohozi hakikuondoka. Mwanzoni kilikuwa cha asubuhi. Kisha cha asubuhi na jioni. Kisha nikaanza kusikia kitu kingine nyuma ya kikohozi, sauti nyembamba, kama filimbi mbali, kila anapovuta pumzi. Nilikuwa nikilaza mkono wangu juu ya kifua chake ili nikisikie kwa kiganja. Nilimpa asali. Nilimpaka mafuta ya mkaratusi. Nilibana nailoni upya. Kila alipokohoa zaidi, nilifunga zaidi. Kulikuwa na mwanya mdogo kwenye ubao wa sakafu, nao nikauziba kwa sabuni.

Nje, hewa ya mji huu wakati wa baridi ni kavu mpaka midomo inapasuka. Ndani kwangu nguo zilichukua siku tatu kukauka. Nilijua jambo hilo ni la ajabu na sikulifuatilia.

Siku moja nilishusha zile kanga nizifue. Zilikuwa nzito. Nikazigeuza, na upande wa nyuma rangi ya njano ilikuwa na vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Nikainua macho. Ukuta mzima, kutoka sakafuni hadi kifuani kwangu, ulikuwa mweusi. Kuvu. Zilikuwa zimeota kama manyoya, na harufu yake ilikuwa ile niliyodhani ni harufu ya nyumba za zamani. Kichwa cha mtoto hulala hatua moja kutoka pale.

Sasa nitasema nililofanya, maana mpaka leo linanirudia. Nilisugua ukuta kwa dawa ya kung'arishia nguo hadi macho yakachuruzika. Nikaupangusa. Halafu nikafua kanga, zilipokauka nikazitundika palepale. Sikumwambia jirani wala Bi Mkubwa. Nilikuwa nimesifiwa kwa chumba kile. Zaidi ya hapo, kilikuwa chumba alichonichagulia yeye, na mkono wake ulikuwa umeshika ukuta uleule. Baada ya siku tisa kuvu zilikuwa zimerudi. Nilichungulia, nikaona, nikaacha pembe ya kanga ianguke.

Kliniki nilimpeleka Jumatatu asubuhi, shule walipompigia jirani simu kwamba mtoto ameshindwa kupanda ngazi. Kizuka anaruhusiwa kutoka kwa dharura, lakini njia nzima nilitembea nimeinamisha kichwa kama mwizi. Sista aliyetupokea alikuwa mwanamke wa Kizulu wa umri wangu. Alisikiliza kifua, akampulizia dawa kwa pampu kupitia chupa ya plastiki, akasubiri. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akashika sweta ya shule ya binti yangu, akainusa.

"Mnalala wapi?" akaniuliza kwa Kiingereza.

Nikamweleza. Nikaeleza kwa fahari kidogo, nailoni, kanga chini ya mlango, hita, mchaichai.

"Nguo mnaanika wapi?"

"Ndani."

"Jua linaingia chumbani?"

Nikamrekebisha mtoto kola.

"Mama, jua linaingia?"

"Nimefiwa," nikamwambia. "Niko ndani kwa desturi yetu." Kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

Aliandika kitu, halafu akaweka kalamu chini. "Mimi pia nimefiwa na mume. Nilivaa nguo nyeusi mwaka mzima. Lakini dirisha nilifungua." Akanigusa begani. "Hiki kifua hakitaki joto peke yake. Kinataka ukuta mkavu. Kama una chumba kingine, mlaze huko. Akizidiwa mara ya pili usisubiri asubuhi, njoo mbio."

Tuliporudi tulipita ubavu wa nyumba, upande ambao mimi si kawaida yangu kupita. Ilikuwa kama saa sita. Jirani alikuwa amekaa nje kwenye ngazi na mteja kati ya magoti yake, anasuka, wote wawili wamevua viatu. Jua lilikuwa limelala juu ya ukuta wote ule, rangi ya chai ya maziwa, na dirisha la ghala liling'aa. Nyuma ya kioo yalionekana maboksi ya kahawia aliyoyapasua mume wangu, yamepauka, yamejikunja kwa joto. Niliweka kiganja kwenye kioo. Kilikuwa cha moto.

"We Mama," jirani akasema kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi, bila kuacha kusuka, "jua iko pale, unaifungia mu karto juu ya nini? Inakula bure?"

Mteja wake akacheka. Mimi sikucheka. Nilisimama pale mpaka binti yangu akanivuta gauni.

Ijumaa Bi Mkubwa alipokuja nikamwambia kwamba nataka kuhamia chumba cha ghala, mimi na mtoto. Alikuwa anamenya chungwa. Akaacha kumenya.

"Kizuka hahamihami. Alikuacha humu, eda yako ni humu."

"Ni nyumba hiyohiyo, Bi Mkubwa. Ni hatua sita."

"Hatua sita leo. Kesho utanambia barabara ni hatua thelathini." Akanitazama. "Na mali iliyomo mle ni ya nani?"

"Ya mume wangu."

"Ya maiti. Haijagawanywa. Shemeji yako Tanga hajaja. Ukianza kuvuta majora huku na huku, siku ya mirathi kukipungua kikoi kimoja utasema nini? Watasema kizuka alikuwa anauza na machozi hayajakauka."

"Mtoto anaumwa."

"Mtoto ana dawa. Eda inaisha mwezi wa kumi."

"Baridi ni sasa."

"Na eda ni sasa."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemzuia mwenzake asikanyage pabaya, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alinigawia nusu ya chungwa. Nikalila.

Ningeweza kumpigia shehe. Namba ninayo. Sikumpigia, na sababu si heshima: nilijua akikataa sitakuwa na pa kutokea. Nilipendelea kutojua. Nikakaa siku sita katika hali hiyo. Nililivuta godoro kutoka ule ukuta nikalileta katikati ya chumba. Nilifungua pembe ya nailoni asubuhi, baridi ikaingia kama maji, nikaifunga. Niliondoa sufuria ya mchaichai. Nilianika nguo jikoni. Kila nilichokifanya kilikuwa nusu. Nimejiuliza sana nilikuwa namwogopa Mungu au watu, na jibu ninalopata ni watu, na kidogo nilimwogopa yeye aliyekufa, kwamba nitakipangua chumba chake na atakuwa amekwenda kweli.

Siku ya sita, Alhamisi, mtoto alirudi shule saa nane na nusu, akaweka mkoba, akaketi chini ya chui. Nilikuwa namkatia mkate. Sikusikia kikohozi, na kutokisikia ndiko kulikonifanya nigeuke. Alikuwa ameshika ukingo wa godoro kwa mikono yote miwili, mabega juu, mdomo wazi, na ngozi ya shingo ikiingia ndani kila anapojaribu kuvuta. Macho yake yalikuwa kwangu. Nikachukua pampu tuliyopewa kliniki. Mara ya kwanza niliiweka vibaya, dawa ikatokea pembeni. Mara ya pili akaikohoa yote. Nikapiga kelele kumwita jirani. Alikuja na kitana bado kimechomekwa nywelani, akampakata mtoto, akamwambia, "Pole pole, mama yangu, pole pole, fanya kama unazima mushumaa," huku mimi naibana pampu mdomoni mwake. Ya tano ikaingia. Ya sita. Mabega yakashuka kidogo.

Tukampeleka kliniki kwa gari la mteja aliyekuwa amesukwa nusu ya kichwa. Walimweka kwenye mashine ya mvuke mpaka jioni. Tuliporudi, alilala kwa jirani, kwenye sofa la wateja, na mimi nililala sakafuni kando ya sofa. Ulikuwa usiku wangu wa kwanza wa eda nje ya chumba kile, na sikuomba ruhusa kwa mtu.

Asubuhi nilikwenda ghalani. Nilimwomba jirani aje na simu yake apige picha kila kitu kabla sijakigusa: majora yalivyosimama, vikoi vilivyofungwa, kofia ndani ya makasha. Picha zote zikatumwa kwa shemeji yangu Tanga, na ujumbe niliouandika mwenyewe kwamba mtoto ni mgonjwa na nahamisha mali ya kaka yake hadi chumba cha pili, jirani akiwa shahidi. Hakujibu siku ile.

Kisha dirisha. Gundi ya karatasi ilikuwa imekauka, ikatoka kwa vipande. Nilipovuta boksi la katikati nikaona maandishi, kalamu nene nyeusi, mwandiko wake wa kulalia kushoto: USIFUNGUE. JUA LINAKULA RANGI. Aliniandikia mimi. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuandikiwa. Alijua tabia yangu ya kufungua fungua.

Jirani aliona nimesimama. "Ameandika nini?" Anasoma Kifaransa vizuri, Kiswahili cha kuandikwa kinamchosha.

"Anasema nisifungue."

Akafikiri. "Basi mimi nifungue?"

"Hapana," nikasema. "Niache."

Nikalivuta mwenyewe. Mwanga uliingia wote kwa pamoja, na vumbi la vitambaa likaonekana likielea, na majora yaliyokuwa ya kijivu gizani yakawa mekundu, ya bluu, ya kijani. Nilikaa chini kidogo. Halafu tukaanza kubeba.

Kuhamisha kulichukua siku nzima. Majora tuliyapanga katika kile chumba cha kivuli, juu ya matofali na mbao, mbali na ukuta, na ule ukuta nikauacha uchi. Ile nailoni niliichana, dirisha nikaliacha wazi. Hata hivyo vifurushi viwili vya kanga vilipata unyevu kabla baridi haijaisha, vikaota madoa. Sikuvificha. Nilivipiga picha navyo, nikazituma Tanga. Shemeji safari hii alijibu, maneno mawili: "Nimeona. Mtoto?"

Chumba kipya sikukipamba. Godoro, mkeka, chui, taa ya njano. Jua liliingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi, na usiku ukuta ulibaki na joto lake kwa muda, kama mtu aliyeinuka sasa hivi. Nguo nilizianika mbele ya dirisha lililo wazi, na kama kuna aliyepita akaniona mikono, aliiona. Mtoto hakupona kwa siku moja. Alikohoa wiki ya kwanza yote, na mimi niliendelea kulaza kiganja juu ya kifua chake. Wiki ya pili ile filimbi ilikuwa ya asubuhi tu. Kila asubuhi niliingoja.

Bi Mkubwa hakuja Ijumaa ile, wala iliyofuata. Nilisikia kwamba amesema nimehama eda. Hakuna mwanamke mwingine wa kwetu aliyekuja pia. Nilipika chai ya wageni kila Ijumaa, nikainywa na jirani, ambaye huweka sukari mpaka kijiko kinasimama.

Ijumaa ya tatu kulikuwa na upepo wa kusini, ule unaoleta habari za theluji ya milimani. Saa saba na nusu nikasikia fimbo kwenye mbao za ukumbini. Bi Mkubwa alipita mlango wa chumba cha kivuli, akachungulia ndani. Aliona ukuta. Nilimsikia akiugonga kwa fimbo, mara mbili. Kisha akaja mlangoni kwangu.

"Kule kulikuwa hivyo tangu lini?"

"Tangu mwezi wa saba."

"Na mimi nilikuwa nakaa pale nakunywa chai."

"Nilikuwa nimeziba kwa kanga, Bi Mkubwa. Nilikuficha."

Akavua viatu. Magoti yake hayakuwa mazuri siku ile; alijishusha kwenye mkeka kwa kushika bega langu, akanyoosha miguu mpaka ikaingia kwenye jua. Alikuwa amevaa soksi mbilimbili, kama mimi siku ya kwanza. Nikamletea chai. Alisema chai yangu imekuwa tamu kama ya Wakongo. Alisema dirisha la kizuka haliachwi wazi namna hii. Alisema mengine ambayo hakuyamaliza, maana usingizi ulimchukua palepale, kikombe kikiwa bado na chai nusu.

Binti yangu aliporudi shule alimkuta hivyo. Akaweka mkoba polepole, akalivuta blanketi la chui, akamfunika hadi kidevuni. Jua lilikuwa limeanza kusogea. Lilitoka magotini mwa Bi Mkubwa, likafika kwenye nyayo, likapita nyayo. Akafumbua macho.

"Sijasema ni sawa," aliniambia, kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo. "Nisikie vizuri. Sijasema."

"Nimekusikia, Bi Mkubwa."

Akatazama miguu yake iliyokuwa kivulini, kisha akamgeukia mtoto. "We bibi, vuta mkeka huu. Jua linanikimbia."

Mtoto akashika ncha ya mkeka kwa mikono miwili, akarudi nyuma akiuvuta, na Bi Mkubwa juu yake, na chui, na kikombe nikakiwahi. Alivuta huku akicheka, hatua moja, ya pili, ya tatu, mpaka mkeka ukagusa ukuta wa pili na miguu ya mwanamke yule ikawa juani tena. Mimi nilisimama na kikombe mkononi, nikisikiliza. Mtoto alikuwa anahema kwa kazi. Alihema, akakaa chini, akahema. Hakukohoa.